Kapu la kupikia makande: namna ya kulitengeneza na namna joto linavyofanya kazi ndani yake

Makande ni miongoni mwa vyakula vinavyomaliza mkaa upesi katika nyumba za Arusha na Moshi. Mahindi na maharage makavu huhitaji saa kadhaa za joto kabla ya kulainika, na mpishi wa jiko la mkaa hulazimika kuongeza mkaa tena na tena kabla sufuria haijaiva. Hata hivyo, sehemu kubwa ya joto la mkaa huo haiingii kwenye chakula kabisa, bali hupotea kwa njia ya mvuke, ubavu wa sufuria na hewa ya moto inayopanda kandokando yake. Kapu la kupikia, yaani kapu lililojazwa vihami, ambavyo ni vitu vikavu vinavyozuia joto kutoka, huwezesha chakula kuchemshwa jikoni kwa muda mfupi kisha kuendelea kuiva kwa saa kadhaa bila moto wowote. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulitengeneza na kulitumia, na kila hatua imeandikwa pamoja na sababu yake, kwa kuwa mtu anayeelewa mwendo wa chembe za maji, za hewa na za sufuria ataweza kulirekebisha kapu lake mwenyewe pale litakaposhindwa kuivisha.

Kinachotokea ndani ya sufuria

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno ambazo hazitulii kamwe. Katika kitu kigumu, kama vile chuma au punje ya hindi, kila chembe hutikisika papo hapo ilipo kwa kuwa imeshikwa na jirani zake. Katika kimiminika chembe huteleza na kupishana huku zikiendelea kuvutana. Na katika gesi hukimbia huru mpaka zigongane. Chembe za hewa iliyomo jikoni hukimbia kwa wastani wa karibu mita 500 kwa sekunde, ingawa kila moja hugongana na nyingine kabla haijapita hata sehemu ndogo ya unene wa unywele. Halijoto ni kipimo cha wastani wa nishati ya mwendo huo, na joto ni nishati inayohama kutoka penye mwendo mkubwa kwenda penye mwendo mdogo. Anayetaka kushuhudia tofauti hiyo adondoshe tone moja la wino katika glasi ya maji baridi na tone jingine katika glasi ya maji ya moto, bila kukoroga: katika maji ya moto wino utasambaa upesi zaidi, kwa sababu chembe za maji huusukuma kwa nguvu zaidi.

Sufuria inapowekwa motoni, maji hupanda halijoto hadi kufikia kiwango cha kuchemka, na hapo ndipo wapishi wengi wanapopoteza mkaa. Kabla ya kiwango hicho, karibu joto lote linaloingia kwenye maji huongeza mwendo wa chembe zake. Baada ya hapo, joto linaloingia hutumika kuzitenganisha chembe za maji zilizokuwa zimeshikana ili ziondoke zikiwa mvuke, na kwa hiyo halijoto haipandi tena, hata moto uwe mkali kiasi gani. Maji yanayotokota kwa kishindo na maji yanayotokota polepole yana halijoto ileile. Maharage hayana namna ya kuutambua ukali wa moto ulio chini ya sufuria. Yanachopokea ni halijoto ya maji yaliyoyazunguka tu.

Gharama ya mvuke huo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi joto 20 hadi 95 kunahitaji takriban kilojuli 314, lakini kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 2,270. Kwa maneno mengine, nishati inayopotea kila lita moja inapokauka kwenye sufuria ya makande ingetosha kupasha lita saba za maji mengine karibu hadi kuchemka. Ndiyo maana ninashikilia kwamba kubadilisha jiko au aina ya mkaa ni jambo la pili. La kwanza ni kuacha kulipia mvuke.

Mahali tulipo nako kuna athari yake. Maji huchemka pale ambapo msukumo wa mvuke wake unalingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake, na kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na ndivyo chembe za maji zinavyoweza kujitenga kwa halijoto ndogo zaidi. Kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi joto moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Katika mji wa Moshi, ulio kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi joto 97. Arusha, iliyo kwenye takriban mita 1,400, huchemka karibu na 95. Katika kambi ya Horombo, mlimani Kilimanjaro, kwenye mita 3,720, huchemka karibu na 88. Na kileleni Uhuru, mita 5,895, ni kama 81 tu. Wapishi wanaoongozana na wapandaji mlima wanajua vizuri kwamba maharage makavu si chakula cha kupeleka kambi za juu. Kwa mkazi wa Arusha tofauti si kubwa kiasi hicho, lakini inatosha kuongeza muda wa kuiva ikilinganishwa na Tanga au Dar es Salaam, na muda huo wa ziada ndio kapu linaoutoa bure.

Hatua ya kwanza: sufuria na mfuniko

Chagua sufuria ambayo chakula kitaijaza angalau theluthi mbili. Chakula kingi hupoa polepole kuliko kidogo, kwa sababu joto huhifadhiwa na ujazo wote wa chakula lakini hutoroka kupitia uso wa nje peke yake, na sufuria kubwa ina uso mdogo ikilinganishwa na ujazo wake. Lita moja ya makande ndani ya sufuria ya lita sita itapoa kabla haijaiva, na kapu litalaumiwa bure. Sufuria yenye vishikio vifupi pande mbili inafaa kuliko yenye mkono mrefu, ambao utaacha tundu kwenye vihami.

Mfuniko ndio kifaa chenye thamani kubwa kuliko vyote katika kazi hii, nao unapaswa kukaa sawasawa bila kuchezacheza. Chembe za maji hazina mwendo sawa: nyingine huenda polepole, nyingine kasi, na zile zenye kasi kubwa ndizo zinazofanikiwa kuchomoka juu ya maji hata kabla hayajachemka. Kila zinapoondoka, wastani wa mwendo wa zile zinazobaki hupungua, yaani maji hupoa. Mfuniko uliobana huzirudisha chembe hizo ndani; mvuke unaogusa mfuniko hugeuka tena kuwa matone na kuachia joto lilelile uliloondoka nalo.

Mvukizo huu umetajwa pia katika kisa ambacho Tanzania imekichangia sayansi ya joto. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona kwamba mchanganyiko wake wa maziwa ya aiskrimu, aliouweka kwenye friza ukiwa bado wa moto, uliganda kabla ya ule uliokuwa umepozwa kwanza. Mwaka 1969, alipokuwa katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, hapa Moshi, yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha makala kuhusu jambo hilo, na hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu sababu yake na hata kuhusu kama linatokea kila mara. Mvukizo ni mojawapo ya maelezo yaliyopendekezwa. Kwa mpishi hakuna ubishi: chombo cha moto kisichofunikwa hupoa upesi.

Hatua ya pili: kapu na vihami

Tafuta kapu la kusukwa, boksi gumu au ndoo kubwa ya plastiki ambayo, sufuria ikishawekwa katikati, itabakiza nafasi ya upana wa kiganja, yaani takriban sentimita 10, chini, pembeni na juu. Nafasi hiyo ndiyo itakayojazwa vihami. Miteremko ya Kilimanjaro na Meru imejaa majani makavu ya migomba, ambayo ni kihami kizuri na hayauzwi; wakazi wa Mabogini na maeneo mengine ya mpunga ya Moshi watapata maganda ya mpunga kwenye mashine za kukoboa; wa mjini wanaweza kuchukua maranda kwa fundi seremala, au kununua masweta na mablanketi chakavu ya mtumba katika soko la Memorial mjini Moshi. Vyote hivyo vinafanya kazi moja, ambayo ni kuishika hewa isitembee.

Sababu ni hii. Joto hupita ndani ya vitu vigumu kwa mpitisho: chembe zinazotikisika sana huzigonga jirani zake, nazo huzigonga zinazofuata, kama mafundi waliojipanga mstari wakirushiana matofali, ambapo tofali hufika mwisho wa mstari bila fundi yeyote kuondoka mahali pake. Katika metali kazi hiyo hufanywa zaidi na elektroni zinazotembea huru, na ndiyo maana alumini ya sufuria hupitisha joto takriban mara 9,000 kuliko hewa iliyotulia, ambayo chembe zake zimeachana mbali. Tatizo ni kwamba hewa haipendi kutulia. Ikiguswa na sufuria ya moto, chembe zake huongeza mwendo na kusukumana mbali zaidi, hewa hiyo huwa nyepesi na kupanda, nayo hewa baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo, unaoitwa myuko, hubeba joto kwa wingi. Majani makavu hukata nafasi hiyo kuwa vyumba vidogo vidogo ambamo hewa haiwezi kuzunguka.

Kwa hiyo jaza kapu kwa majani au maganda mpaka kusiwe na mwanya wowote unaoonekana, lakini usiyashindilie kwa nguvu mpaka yakawa kama ubao, kwa maana utakuwa umeitoa hewa uliyoihitaji. Maganda ya mpunga na maranda yashonewe kwanza ndani ya mifuko ya kitenge au ya shuka kuukuu, kwa sababu yakiachwa wazi yataingia kwenye chakula. Shona mto mmoja wa duara wa kukaa chini, mmoja mrefu wa kuzungushia sufuria, na mmoja mnene zaidi wa kufunika juu. Huo wa juu usiufanyie ubahili, kwa kuwa mvuke na hewa ya moto vyote huelekea huko, na kapu lenye pembeni nene lakini juu jembamba halina faida.

Wapo wanaoshauri kuzungushia foili kwa ndani ili kurudisha joto la mnunurisho, yaani lile linalosafiri bila kuhitaji chembe, kama linavyotufikia kutoka kwenye jua. Ushauri huo si wa uongo, lakini foili hurudisha joto vizuri pale tu mbele yake panapokuwa na nafasi ya hewa. Ikibanwa kati ya sufuria na majani, manufaa yake ni madogo sana. Fedha hizo ni afadhali zinunue kitambaa cha mto wa juu.

Hatua ya tatu: kulipima kapu kwa maji matupu

Kabla ya kuhatarisha chakula, chemsha sufuria ya maji iliyojaa robo tatu, iweke ndani ya kapu ikiwa inatokota na uifunike kwa muda wa saa nne. Mwenye kipimajoto apime mara tu anapofungua. Kapu likibakisha maji kwenye nyuzi joto 75 au zaidi linafaa kwa makande. Kati ya 65 na 75 linafaa kwa wali na ndizi, ingawa linastahili kuongezewa unene. Chini ya hapo kuna mwanya mahali fulani. Pitisha mkono juu na kandokando ya kapu wakati sufuria bado imo ndani: panapohisika uvuguvugu kuliko kwingine ndipo joto linapotorokea.

Hatua ya nne: kuloweka na kuchemsha

Loweka maharage na mahindi usiku kucha katika maji mengi. Punje kavu ni kihami kwa namna yake, na maji yanayopenya mpaka kiini chake hulipatia joto njia ya kuingia. Asubuhi mwaga maji hayo na utumie mengine. Weka maji yanayofunika nafaka kwa vidole viwili tu, kwa sababu ndani ya kapu hayatakauka kama yalivyozoea kukauka jikoni.

Chemsha kwa nguvu, huku sufuria ikiwa imefunikwa, kwa muda usiopungua nusu saa tangu maji yaanze kutokota. Hatua hii haifupishwi kwa sababu yoyote. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huharibiwa kwa kuchemshwa sawasawa kwa dakika 10 au zaidi, lakini joto lililo chini ya mtokoto haliaminiki kuiharibu. Mtu anayeyaweka kwenye kapu yakiwa yamepashwa tu anaweza kuishia kutapika na kuumwa tumbo. Nusu saa inazidi mahitaji ya sumu hiyo, lakini inahakikisha pia kwamba joto limefika katikati ya kila punje, jambo linalochukua muda zaidi katika mwinuko wa Arusha.

Nyanya, ndimu au ukwaju visitiwe sasa. Ukuta wa punje ya harage umeshikanishwa na pektini, ambayo joto huilegeza taratibu ili iyeyuke katika maji, nayo asidi huzuia kulegea huko. Kuhusu magadi, ni kweli kwamba hulainisha upesi kwa kuilegeza pektini hiyohiyo, lakini magadi ya baadhi ya maeneo ya Kaskazini yana floridi nyingi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi, na eneo la Meru tayari lina maji yenye floridi kupita kiasi. Wengi hudhani kwamba kuchemsha sana huondoa floridi. Kinyume chake, chembe za maji huondoka zikiwa mvuke na floridi hubaki sufuriani, kwa hiyo kadiri maji yanavyokauka ndivyo inavyokolea. Kapu, kwa kuwa halikaushi maji, halina kosa hilo, na kwa kuwa linatoa muda wa kutosha, mpishi hahitaji magadi.

Hatua ya tano: kuhamisha

Weka kapu karibu na jiko, tayari limefunguliwa. Epua sufuria bila kufungua mfuniko, kagua kitako chake ili kuhakikisha hakuna kaa la moto lililonasa kwenye masizi, kwa maana majani makavu ya migomba hushika moto upesi, kisha iingize kapuni mara moja na uifunike kwa mto wa juu. Dakika mbili za kuzungumza na jirani huku sufuria ikiwa mezani zinaweza kuondoa joto ambalo kapu lingelilinda kwa muda mrefu. Baada ya hapo usifungue kuangalia. Kila ufunguzi hutoa mvuke uliojaa joto na kuingiza hewa baridi, na hakuna moto chini wa kufidia.

Ndani ya kapu, makande yataendelea kuiva kwa sababu kuiva hakuhitaji mtokoto. Wanga wa mahindi na maharage huanza kunywa maji na kuvimba kati ya nyuzi joto 60 na 80, na pektini huendelea kulegea, ingawa taratibu zaidi kadiri halijoto inavyoshuka. Maharage mapya huiva kwa saa tatu au nne. Makande ya mahindi yaliyokobolewa huhitaji tano au sita, na yakiwa ya maharage ya zamani ni vyema kuirudisha sufuria motoni katikati ya muda huo, ichemke dakika 10, kisha irudi kapuni.

Hatua ya sita: kurudisha motoni

Chakula kikitoka kapuni kichemshwe tena kabla ya kuliwa, na hapo ndipo nyanya, kitunguu na viungo vingine huongezwa. Chakula kilichoshuka chini ya nyuzi joto 60 na kukaa hivyo kwa muda mrefu huwa shamba la bakteria, na wapo wanaotoa sumu isiyoondolewa na kuchemsha. Kwa sababu hiyo sishauri kuacha sufuria kapuni kutwa nzima, tangu alfajiri hadi jioni, isipokuwa kapu limepimwa na kuonekana kwamba linabaki juu ya 60 kwa muda wote huo. Nyama hasa isiachwe kwa kubahatisha.

Vyakula vingine

Wali huchemshwa dakika tano na kukaa kapuni saa moja, kwa maji kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele badala ya viwili. Ndizi za mtori huhitaji dakika 10 za moto na saa moja na nusu hivi za kapu. Ugali, chapati na vyakula vya kukaanga havihusiki hapa. Ugali unadai kusongwa juu ya moto, na rangi ya chapati hutokea kwenye halijoto inayozidi kwa mbali kiwango cha kuchemka kwa maji. Kapu linaweza pia kutunza maziwa baridi au barafu, kwa kuwa kihami huzuia joto kuingia kama kinavyolizuia kutoka.

Matunzo

Adui mkubwa wa kapu ni unyevu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na mvuke unaovuja kutoka kwenye mfuniko hugeuka matone ndani ya majani na kujaza zile nafasi za hewa. Baada ya kila matumizi, toa mito na uianike juani mpaka ikauke kabisa. Wakati wa masika, au ukungu unapokaa siku nyingi, iache karibu na jiko lililozimwa ambalo bado lina uvuguvugu. Majani ya migomba yabadilishwe yanapoanza kuvunjikavunjika kuwa vumbi au kunuka uvundo, na mto wa juu ufuliwe mara kwa mara, kwa sababu ndio unaopokea mvuke wa kila sufuria.